Hospitali, fomu ya WIBA au daftari la kiwandani: majeruhi wa kazini Kisumu utawapata wapi?

Ukitaka kujua ni watu wangapi wanaumia kazini Kisumu na kaunti jirani, hakuna ofisi moja utakayoingia ukapewa jibu. Kuna karatasi za aina tatu. Ya kwanza ni kumbukumbu za majeruhi hospitalini: rejista ya kasualti, faili za wodi, kitabu cha chumba cha upasuaji na, pale ilipoanzishwa, sajili maalumu ya majeruhi. Ya pili ni taarifa ambazo mwajiri hupeleka kwa afisa wa usalama na afya kazini chini ya sheria mbili za 2007, ile ya usalama na afya kazini na ile ya fidia ya majeraha, maarufu kama WIBA. Ya tatu ni daftari la ajali linalokaa kazini kwenyewe, mezani kwa msimamizi au kando ya sanduku la huduma ya kwanza.

Wanaokwama kati ya hizi tatu ni wengi: afisa wa afya wa kaunti anayepanga bajeti, mjumbe wa kamati ya usalama kiwandani, katibu wa chama cha mafundi wa jua kali pale Kibuye, mwanafunzi wa afya ya jamii anayetafuta data ya tasnifu. Kila karatasi iliandikwa na mtu aliyekuwa na shida yake. Muuguzi alitaka kumtibu mgonjwa, mwajiri alitaka kutii sheria na kujilinda, msimamizi alitaka kujua nani hatakuwa zamu kesho. Hakuna hata mmoja aliyeandika ili akusaidie wewe kuhesabu.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kuomba ruhusa popote, iulize kila karatasi maswali matano. Inamwona nani na inamwacha nani? Inaanzia jeraha la ukubwa gani? Inaeleza chanzo kwa undani wa kutosha kuzuia ajali nyingine, au inaishia kwenye kidonda? Ni kitu gani kinaweza kupandisha au kushusha hesabu bila majeruhi kuongezeka wala kupungua? Na kuipata kunagharimu muda na ruhusa kiasi gani?

Inamwona nani

Hospitali ndiyo yenye jicho pana kuliko zote. Mlangoni pake hakuna anayeulizwa barua ya ajira. Anaingia mkata miwa kutoka Muhoroni, fundi wa grainda kutoka Obunga, mvuvi aliyechomwa na ndoana, mchimba dhahabu wa Ikolomani aliyeangukiwa na jiwe, na kijana aliyeingiza mkono kwenye mashine ya kukatia ng'ombe majani. Wengi wao hawana mwajiri wa kumjazia mtu fomu yoyote, na ndiyo maana kumbukumbu hizi zinatamaniwa. Tatizo hilo si la kwetu peke yetu. Marekani, uchunguzi wa kila mwaka wa majeraha ya kazini unaofanywa kupitia waajiri hauwahesabu waliojiajiri, wala mashamba yenye wafanyakazi wasiofika 11. Sajili za vituo vyao vya majeruhi zina sehemu ya kuandika kama jeraha ni la kazini, kazi ya mgonjwa ni ipi na yuko sekta gani, kwa hiyo zinaweza kuziba sehemu ya pengo hilo.

Lakini kuingia mlangoni si kuonekana. Hebu tazama mstari wa kawaida katika rejista ya kasualti: mwanamume, miaka 24, jeraha la kukatwa mkono wa kushoto, ameshonwa, amechomwa sindano ya pepopunda, ameruhusiwa. Kila neno hapo ni sahihi na kila neno linamfaa tabibu. Anayetafuta majeruhi wa kazini hana hata neno moja la kushika. Alikatwa na panga, bati, msumeno au chupa ya baa? Hakuna ajuaye.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza swali moja: "Uliumia kazini?" Swali hilo ndilo linaloharibu hesabu. Fundi wa jua kali atakujibu, "Sina kazi, nang'ang'ana tu." Mama wa samaki wa Dunga aliyemwagikiwa mafuta moto atasema alikuwa anapika, naye ataandikwa ameungua nyumbani. Mwendesha boda boda aliyeanguka akiwa na abiria ni ajali ya barabarani. Askari wa usiku aliyevamiwa langoni ni kesi ya kupigwa, anapewa fomu ya P3 ya polisi na habari ya kazi inaishia hapo. Mkulima aliyejikata jembe katika shamba lake mwenyewe atashangaa umeuliza nini. Kwa masikio ya wengi, "kazi" maana yake ni kuandikwa na mtu.

Maswali yanayofanya kazi ni manne, na yaulizwe kwa mpangilio huu:

1. Ulikuwa ukifanya nini pale ulipoumia?
2. Hiyo ilikuwa ya kukupatia pesa au chakula cha kuuza, au shughuli ya nyumbani?
3. Ulikuwa ukijifanyia mwenyewe, au kuna mtu aliyekuandika au kukuita?
4. Kilichokuumiza ni kitu gani hasa, na ulikuwa wapi?

Jibu la tatu lipewe namba: 1 ameajiriwa, 2 kibarua wa siku, 3 amejiajiri, 4 anasaidia kazi ya familia bila malipo, 5 si kazi, 9 hakuulizwa. Hiyo 9 usiiache. Nafasi tupu husomwa baadaye kama "hapana", na mgonjwa aliyefika amezimia saa nane usiku anageuka kuwa mtu aliyeumia akipumzika. Njia rahisi ya kuyaweka maswali haya bila kuchapisha rejista mpya ni muhuri wa mpira wenye mistari minne, unaogongwa kwenye kadi ya mgonjwa pale anapopimwa presha. Hapo mgonjwa huwa amekaa na anaongea. Akishafika kitandani kushonwa, kila mtu ana haraka. Asiyeweza kuongea, muulize aliyemleta, lakini uandike kwamba jibu ni la aliyemleta. Mara nyingine huyo ni msimamizi wake, na ana sababu zake za kusema kijana alianguka njiani.

Hospitali pia haimwoni anayenunua bandeji duka la dawa na kurudi kazini, wala anayekufa pale pale. Shimo la dhahabu linapoporomoka, maiti mara nyingi hupelekwa mochari moja kwa moja bila kupitia kasualti. Ukisoma rejista ya kasualti peke yake utaamini uchimbaji ni kazi ya michubuko.

Fomu ya WIBA inamwona mwenye mwajiri. Kibarua wa mjengo naye yumo, hata kama mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Sheria haimfungii nje. Anafungiwa na uzoefu, pale mkandarasi anapomkabidhi nauli na pesa ya dawa wakamalizana. Kwa hiyo ukizifungua faili hizi utakuta zaidi viwanda vya sukari, mashamba makubwa ya chai na maua, kampuni za ulinzi na wajenzi wenye bima. Aliyejiajiri hana wa kumdai fidia. Sheria ya usalama inamtaka naye atoe taarifa ya ajali, ila fundi anayepanda ngazi hadi ofisi ya serikali kujishtaki kwamba amejikata kidole bado hajazaliwa.

Daftari la kiwandani linawaona walio ndani ya geti. Hapo ndipo lilipo na nguvu zote, kwa sababu linajua pia wasioumia: orodha ya mishahara iko ofisi ya pili. Angalia tu kama vibarua walioletwa na wakala wa kazi wanaandikwa humo. Mara nyingi wana daftari lao, au hawana lolote.

Inaanzia jeraha la ukubwa gani

Daftari, likitunzwa vizuri, linaanzia chini kabisa: mchubuko, kibanzi jichoni, hata diski iliyopasuka bila kumgusa mtu. Taarifa kwa afisa wa usalama inaanzia juu zaidi. Kifo kinatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 24 na barua kufuata ndani ya siku 7. Jeraha lisiloua nalo huandikiwa taarifa ndani ya siku 7. Malipo ya muda ya WIBA humwangalia aliyeshindwa kufanya kazi kwa siku tatu au zaidi, na hiyo ndiyo inayokuwa ngazi ya chini kivitendo. Aliyerudi kesho yake haandikiwi.

Hospitalini ngazi inategemea kitabu ulichofungua. Rejista ya wagonjwa wa nje ya waliozidi miaka mitano, MOH 204B, ina vidonda vya kila saizi. Rejista ya wodi, MOH 301, ina waliolazwa. Sajili maalumu ya majeruhi huwa na masharti yake ya kuingia, na hapo pana mtego unaofaa kutazamwa kwa karibu.

Sajili nyingi hupima uzito wa jeraha kwa alama ya ISS, iliyobuniwa mwaka 1974. Kila eneo la mwili hupewa daraja la jeraha, unachukua maeneo matatu yaliyoumia zaidi, unazidisha kila daraja kwa lenyewe, kisha unajumlisha. Kikomo ni 75, na anayepita 15 huhesabiwa jeraha kubwa. Sasa chukua seremala aliyekatwa kidole na msumeno wa umeme. Kidole hupewa daraja la 2, na 2 mara 2 ni 4. Kwa mizani ya ISS, inayouliza kama mtu atakufa, seremala huyu ana jambo dogo. Kwa mizani ya maisha yake, amepoteza kishikio cha patasi. Ukichuja sajili kwa "ISS zaidi ya 15" umewafuta seremala, wasaga posho na wapiga bati kwa mkupuo mmoja, ukabaki na walioanguka kutoka juu na wa barabarani. Alama ya Kampala, inayotumia umri, presha, pumzi, fahamu na idadi ya majeraha mabaya, ni rahisi zaidi kuijaza katika hospitali zetu, lakini nayo inapima hatari ya kifo, si ulemavu. Kwa majeraha ya kazini, ongeza safu yako mwenyewe: mkono upi, kidole kipi, kimekatika au kimeshonwa. Kitabu cha chumba cha upasuaji huwa kinayo hayo.

Asilimia ya ulemavu utaikuta kwenye WIBA pekee. Daktari huijaza baada ya matibabu kufika mwisho, kwa sababu fidia ya ulemavu wa kudumu ni mshahara wa miezi 96 ukizidishwa kwa asilimia hiyo. Ubaya wake ni kwamba inaweza kukawia miezi.

Inaeleza chanzo kiasi gani

Hapa mpangilio unageuka. Grainda itatuonyesha.

Diski ya milimita 230 imetengenezwa kustahimili mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka kama 11,000. Fundi mwenye diski kubwa iliyobaki na grainda ndogo hufungua kava ya kinga, kwa kuwa ndiyo inayozuia diski kuingia, kisha anawasha. Diski inapasuka, kipande kinamwingia shavuni.

Hospitali itaandika: jeraha la kukatwa usoni. Ikiwa kuna mtu wa kuweka kodi za ICD-10, orodha ya kimataifa ya kodi za magonjwa na majeraha, atatumia W29, ya vifaa vya mkononi vya umeme, na hapo amefanya vizuri kuliko wengi. Fomu ya mwajiri itasema: alipigwa na kitu kilichoruka. Wakati mwingine itaongeza: hakuvaa miwani, ili kosa liende kwa mfanyakazi. Daftari la karakana, kama msimamizi ni mtu makini, litasema: diski kubwa, kava imetolewa, grainda ndogo namba fulani. Maelezo hayo ya tatu peke yake ndiyo yanayokuelekeza pa kuchukua hatua, yaani stoo inayotoa diski zisizolingana na mashine.

Kwa upande wa hospitali, kodi za ICD-10 zina uwezo mkubwa kuliko unavyotumika. Mbali na W12 ya kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, W20 ya kuangukiwa na kitu, W30 ya mashine za shamba na W31 ya mashine nyingine, kuna tarakimu ya mahali, ambapo 6 ni kiwandani au mjengoni na 7 ni shambani, na tarakimu ya shughuli, ambapo 2 ni kazi ya kipato. Mkono ulioingia mashine ya majani ya ng'ombe ukiandikwa W30, mahali 7, shughuli 2, unajitokeza wenyewe kwenye hesabu. Ukiandikwa kodi ya mkono uliokatika peke yake, umezama. Tarakimu hizo mbili haziwezi kuwekwa na afisa wa rekodi kama tabibu hakuandika, kwa hiyo tunarudi kwenye ule muhuri wa mpira.

Usitegemee ripoti za muhtasari kukuokoa. Kenya imetumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, nchi nzima tangu 2011, na MOH 705B, fomu ya muhtasari wa wagonjwa wa nje, hupeleka humo jumla za kila mwezi. Ajali za barabarani zina mstari wao, kuungua kuna mstari wake, na vidole vyetu vinaishia kwenye "majeraha mengine". Ukishajumlisha huwezi kupambanua tena. Lazima ushuke kwenye rejista yenyewe.

Kinachopotosha hesabu

Chora mstari wa majeruhi wa hospitali ya umma kwa miaka kumi na utaona mabonde. Bonde moja liko kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, madaktari walipogoma siku 100. Jingine mwaka huo huo wa 2017 wauguzi walipogoma kwa miezi. Jingine Machi hadi Mei 2024, madaktari tena, siku 56. Misumeno haikugoma. Weka alama ya miezi hiyo kwenye grafu kabla hujamwonyesha mtu.

Kisha kuna marudio. Aliyeshonwa anarudi kubadilishiwa bandeji, anatolewa nyuzi, anaandikwa kila mara. Hesabu ziara ya kwanza pekee. Rufaa nayo humwandika mtu mara mbili, hospitali ya kaunti ndogo na hospitali ya rufaa. Bila kutumia majina, linganisha jinsia, umri kwa tofauti ya mwaka mmoja, tarehe kwa tofauti ya siku mbili, na kiungo kilichoumia. Vikikubaliana vyote vinne, mchukulie ni mtu mmoja. Na usigawanye majeruhi wa hospitali kubwa ya Kisumu kwa idadi ya watu wa kaunti, 1,155,574 kwa sensa ya 2019. "Russia", kama wenyeji wanavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, hupokea wagonjwa wa Siaya, Vihiga, Nandi na Homa Bay, na sensa haikwambii ni wangapi kati ya hao wanashika grainda.

Faili za WIBA hupotoshwa na pesa na sheria. Mwajiri mwenye bima hai ana sababu ya kuripoti, mwenye bima iliyokwisha ana sababu ya kunyamaza. Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019 kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini badala ya mahakamani, njia ya faili ilibadilika, hivyo kulinganisha idadi ya kabla na ya baada ni kupima vitu viwili kwa fimbo moja. Na kampuni yenye taarifa nyingi si lazima iwe yenye hatari zaidi. Inaweza kuwa ndiyo yenye karani mwaminifu.

Daftari la kiwandani huharibiwa na bonasi. Idara ikiahidiwa kuku wa Krismasi kwa kumaliza mwaka bila ajali, ajali hupungua kwenye karatasi na bandeji huzidi kuisha sandukuni. Hesabu bandeji.

Gharama na ruhusa

Daftari halihitaji ruhusa kwa aliye ndani. Mahali penye watu 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya, na kamati hiyo ina sababu halali ya kulisoma. Mtu wa nje atasubiri sana.

Faili za WIBA ziko ofisi ya serikali. Mdai huona yake; mtafiti huomba jumla, na apewapo jumla asitegemee maelezo ya mashine.

Hospitali inadai kazi zaidi ya zote. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na barua ya msimamizi wa hospitali. Kaunti inayofuatilia afya ya watu wake ina njia fupi zaidi, lakini majina yabaki hospitalini vile vile. Nakili kwa fomu isiyo na jina, namba ya kitambulisho wala simu. Kijiji kidogo pamoja na umri na tarehe vinatosha kumtambulisha mtu, hivyo andika wadi au kaunti ndogo tu. Kabla ya kuomba pesa, kaa na rejista kwa saa moja, nakili mistari, uhesabu umepata mingapi. Hapo ndipo utajua kazi ya mwaka mzima ni ya siku ngapi. Panga pia mtu wa pili anakili upya mstari mmoja katika kila kumi. Wakitofautiana kwenye "kazini au si kazini", tatizo liko kwenye maelekezo uliyowapa, wala si uvivu wa wanakili.

Zikiwekwa pamoja

Ukiwa na orodha mbili za eneo moja na kipindi kimoja, unaweza kukadiria wasiokuwa kwenye yoyote. Tuseme, kwa mfano tu, hospitali ina majeruhi 120 walioajiriwa, WIBA ina 45, na 30 wako kote kuwili. Zidisha 120 kwa 45, gawanya kwa 30, unapata 180, ilhali uliowaona kwa macho ni 135.

Hila iko hapa. Hesabu hiyo inadhani orodha hizi hazijuani. Zinajuana sana, kwa sababu fomu ya WIBA ina sehemu ya daktari, hivyo aliyejaziwa fomu karibu kila mara amepita hospitali. Matokeo yake, 180 iko chini ya ukweli. Na waondoe waliojiajiri kabla ya kuanza. Mtu ambaye hawezi kamwe kuingia orodha ya pili huvuruga hesabu yote.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni afisa wa afya wa kaunti na huna bajeti, anza na hospitali moja, miezi mitatu, kasualti na chumba cha upasuaji, muhuri ukiwa umeshagongwa. Miaka mitano ya nyuma isiyo na chanzo haitakupa zaidi ya "majeraha mengine". Chagua miezi inayogusa msimu wa kazi unayoihofia: mavuno ya miwa, mavuno ya mpunga Ahero, au ujenzi wa kiangazi.

Kama uko kwenye kamati ya kiwanda, daftari ndilo lako, kisha lilinganishe na taarifa zilizopelekwa WIBA. Walio kwenye WIBA bila kuwa daftarini ni dalili kwamba daftari linaandikwa kwa kukumbuka tu. Hospitali itakusaidia kwa vibarua wa wakala pekee.

Chama cha jua kali hakitapata mengi kwenye WIBA. Hospitali itawaonyesha mashine zipi zinaleta watu, na hilo latosha kuchagua pa kuanzia. Kwa chanzo, daftari la kurasa 96 kwa kila kundi la vibanda, likiwa na safu nne tu: tarehe, kifaa, kiungo, na kilichokuwa kimetolewa au kuharibika kwenye kifaa. Majina si lazima, na bila majina watu huandika zaidi.

Unayechunguza uchimbaji dhahabu Kakamega au Migori, anza na rejista ya mochari, ndipo uende kasualti. Kwa zebaki, vumbi la mapafu na masikio yanayoziba polepole, acha karatasi zote tatu; hizi ni za majeraha, na magonjwa hayo hayafiki kasualti yakitoka damu.

Mwanafunzi mwenye miezi minne na kibali kimoja achague hospitali, aachane na viwango kwa kila watu elfu, aandike kuhusu aina za majeraha na vifaa.

Na kama wewe ndiye uliyeumia, unahitaji mbili. Mwarifu mwajiri, kwa maandishi ukiweza, na udai fidia ndani ya miezi 12. Ukiwa bado kasualti, mwombe tabibu aandike kwenye kadi ulikuwa ukifanya nini, kwa mashine gani, wapi na saa ngapi, siku ile ile kabla hujaruhusiwa. Piga picha ya kadi hiyo. Maneno yaliyoongezwa wiki mbili baadaye kwa kalamu ya rangi nyingine ndiyo ya kwanza kupingwa na bima.